Mshipi Uliopenya Ukutani

Mkitaka kunikasirisha, nitajieni Colart mchongaji. Magoti yangu yameisha, nikiinama kuchochea moto nasaidiwa kuinuka, lakini jina hilo likitajwa nasimama mwenyewe bila kushikwa mkono. Lakini leo sisimulii habari zake. Nasimulia habari za Sedile, binti wa mchota maji, tuliyetarizi naye benchi moja katika karakana ya Bi Odierne tangu tukiwa wasichana mpaka macho yakaanza kutukimbia. Mimi ni Tifaine. Yale niliyoyaona nitayasema, na pale nilipokuwa na hasira nitasema pia, kwa sababu bado ninayo.

Sisi wa kwa Bi Odierne tulitengeneza mikoba ya hariri, ile midogo ambayo mabibi wa Paris huining'iniza kiunoni, pamoja na mishipi ya kuiningʼinizia. Mshipi wetu ulikuwa na safari mbili. Ya kwanza ni kiunoni mwa bibi harusi. Ya pili ni kaburini. Mume akifa na mjane akawa hataki kurithi mali yake wala madeni yake, hufungua mshipi mbele za watu, akauweka juu ya kaburi pamoja na mkoba na funguo za nyumba, akageuka akaenda zake. Basi imekwisha. Hakuna atakayemgongea mlango tena kwa ajili ya marehemu. Zamani walifanya hivyo wakubwa tu; siku zetu hata mke wa muuza jibini alikuwa akiutupa mshipi, na Bi Odierne akisema, "Fungeni fundo vizuri, wasichana, lakini lifunguke upesi."

Sedile alikuwa mrefu, mwenye kucheka huku amefunika mdomo, na mbishi hasa. Ukimwambia uzi huu ni mwekundu, atautoa nje juani kwanza. Mkate alianza kula ukoko, sehemu laini ya ndani alimwachia Ameline.

Ameline nawaeleza sasa hivi, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuja kutoka Pontoise akiwa na homa na viatu vya kuazima, hana mtu mjini. Kwenye chama chetu huwezi kushika sindano bila mdhamini, na nani angemdhamini mgonjwa asiyejulikana? Sedile akanyanyua mkono. Akamdhamini, akamlaza kitandani kwake, akamfunika nusu ya blanketi lake, akampikia supu ya njegere mpaka akapata rangi. Wakawa chanda na pete. Ukimwita mmoja wanaitika wawili. Mimi nilikuwa naona wivu kidogo, nakiri, ila wivu wa kawaida wa kwenye benchi.

Sasa picha. Mabibi hawataki maua siku hizi, wanataka hadithi za mapenzi za watu wa kale, wale waliokufa kabla Bwana wetu hajazaliwa. Majina yao siyataji, ni ya kipagani na yananitegua ulimi. Bi Odierne alizijua zote kutoka kwa waimbaji wa barabarani, akatusimulia huku anakata hariri. Tulimtarizi yule malkia aliyejiua kwa upanga ambao mgeni wake aliusahau alipopanda merikebu kumkimbia. Tulimtarizi kijana aliyeupenda uso wake majini. Tulimtarizi yule binti aliyemwasi baba yake kwa ajili ya mwanamume, na mwanamume akamwacha kisiwani amelala. Sisi kila hadithi tuliijua kwa kitu chake. Upanga, ni malkia. Kisima, ni kijana. Tanga jeupe, ni yule wa kisiwani, maskini.

Lakini iliyopendwa kuliko zote ni ya shela. Msichana na mvulana, majirani, wazazi hawapatani. Ukuta kati yao una ufa. Katika masimulizi ya kwetu, msichana ndiye aliyeuona ufa kwanza, akaupenyeza mshipi wake, mvulana akaiona ncha yake upande wa pili akajua anaitwa. Wakanong'onezana hapo mpaka wakapanga kutoroka, wakutane kisimani nje ya mji. Msichana akafika kwanza, akaja simba mdomo una damu ya ng'ombe, msichana akakimbia shela ikaanguka, simba akaitafuna. Mvulana akafika, akaona shela ina damu, basi! Hakuita, hakutafuta hata nyuma ya mti. Akajichoma upanga. Mwenzake akarudi akamkuta, akajiangusha juu ya upanga ule ule. Mimi kila nikimtarizi yule kijana nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo. Mjinga wewe, ungeangalia vizuri!

Na hiyo ndiyo picha watu wanayopeana harusini. Wazimu mtupu. Kwa hiyo mafundi tuliweka desturi, na wachongaji wa pembe vilevile: kazi ya harusi haina damu wala upanga. Unaweka mti, kisima, wapenzi wameshikana mikono, na simba pembeni ana shela mdomoni kama mbwa aliyeiba nguo kambani. Ukiona upanga, hiyo si ya harusi. Ni ya msiba, au ni kielelezo cha fundi tu, cha kunakili. Kila mtu wa kazi yetu alilijua hilo, na nawaomba mlikumbuke.

Nyuma ya benchi letu palikuwa na ukuta wa miti na udongo. Upande wa pili ni karakana ya wachongaji wa pembe za ndovu, ya bwana mmoja mzee na mkewe, Bi Richeut. Huko walichonga vitana, masanduku madogo na vifuniko vya vioo vya mkononi. Ndovu wenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Colart, aliyekuwa mchongaji wao hodari, alimchonga ana masikio ya mbwa na mkonga mfano wa tarumbeta, na hakuna aliyemkosoa. Baridi ya mwaka mmoja ikaupasua ukuta, ukapata ufa wa kupitisha vidole viwili. Bi Odierne akaziba kwa kitambaa. Sedile akakitoa.

"Usiuchezee huo ufa," nikamwambia.

"Nauchezea vipi? Nausikiliza tu."

"Unasikiliza nini?"

"Kuna mtu anaimba upande wa pili, tena anaimba vibaya," akasema, akafunika mdomo akacheka.

Sikilizeni, nani asiyejua hadithi hii inavyokwenda? Sisi tunaitarizi kila siku! Lakini mtu akipenda hujiona yeye tu ndiye aliyeisikia. Siku Bi Odierne alipokwenda kanisani, Sedile akafungua mshipi wake wa kijani, wenye ncha ya shaba, akaupenyeza kwenye ufa. Kwenye ncha, juu kidogo ya shaba, alikuwa ametarizi simba mdogo, na yule simba kwa kweli alikuwa mbwa mtupu, tulimtania mpaka tukachoka. Tukangoja. Halafu mshipi ukavutwa kidogo, mara mbili, kutoka upande wa pili.

"Yesu na Maria," akasema Ameline, "samaki amenasa!"

Mwimbaji alikuwa Colart, na basi ikawa ndiyo ishara yao. Mshipi ukipenya, Bi Odierne hayupo. Wakinong'ona, mimi natarizi, Ameline anakaa mlangoni kupiga doria. Ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Akikohoa, Sedile anarudi benchini na uso wa mtawa.

Mwaka ukazunguka hivyo. Colart akamwambia Sedile atamchongea kifuniko cha kioo, achague picha mwenyewe. Sedile akachagua ya shela, lakini akataka upanga uwepo. Nikamwambia, wewe, hiyo si ya harusi. Ameline naye akamwambia. Mbishi yule!

"Tifaine," akaniambia, "wanaume wote tunaowatarizi humu ndani wanaondoka. Mmoja na merikebu, mwingine na tanga, mwingine anajipenda mwenyewe. Huyu mmoja tu ndiye aliyebaki. Mnataka nimwondolee upanga wake? Sasa nitajuaje kwamba alibaki?"

Nikarudi kwenye sindano yangu. Lilikuwa kosa la mtu anayeijua hadithi kupita kiasi, na mtu wa nje asingelifanya.

Colart akakileta mwenyewe, kwa mlango wa barabarani, siku Bi Odierne alipokwenda kumzika dada yake. Ndani tulikuwa mimi, Ameline na Sedile. Kilikuwa kitu kizuri, siwezi kusema uongo hata kwa ajili ya chuki. Cha mviringo, kinaenea kiganjani, wapenzi wawili wamelala kisimani na upanga umewapitia wote, na simba wake alikuwa simba kweli. Akapiga goti kwenye vipande vya nyuzi, akasema, "Sedile, nakupa hiki kwa jina la ndoa."

Kwetu maneno hayo si mchezo. Ukipewa kitu kwa jina la ndoa ukakipokea kwa jina la ndoa, mbele ya mashahidi wawili, padri anabaki kubariki tu.

"Nakipokea kwa jina la ndoa," akasema Sedile. Akafungua mshipi wake wa kijani akampa. "Na wewe chukua huu, kwa jina hilo hilo."

Ameline alilia kwa furaha. Niliyaona machozi kwa macho yangu. Tukanywa mvinyo kikombe kimoja, mvinyo mbaya, na tukala maandazi membamba ya asali niliyokimbilia kuyanunua kona. Wakakubaliana kungoja mpaka Colart apate benchi lake mwenyewe, ndipo watangaze kanisani.

Benchi likaja, lakini kwa mlango mwingine. Yule bwana mzee wa pembe akafa kwa homa wakati wa Kwaresima. Na desturi ya chama chao ni hiyo, mchongaji atakayemwoa mjane wa fundi anaingia kwenye karakana na kila kilichomo. Ameline alituletea habari kuwa Bi Richeut anatafuta mume. Sedile akacheka, akasema, "Maskini mama wa watu, atampata wapi wa umri wake?"

Jumapili moja padri akasoma matangazo ya ndoa. Sisi tumesimama nyuma, Ameline kati yetu. Akasoma Colart mchongaji na Richeut mjane. Mwenye kujua kizuizi aseme.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama Sedile. Hakusita.

"Mimi," akasema kwa sauti, kanisa zima likageuka. "Mimi nina kizuizi. Huyo ni mume wangu."

Ndivyo tulivyofika mbele ya hakimu wa askofu, yule wa kesi za ndoa, kule kwenye kisiwa cha mtoni ng'ambo ya daraja. Alichokitaka Sedile ni kimoja, tena kidogo: atamkwe mke. Asipotamkwa, mtaa mzima utamwita malaya mwongo aliyepiga kelele kanisani. Kifuniko cha kioo alikuwa nacho. Mashahidi wawili alikuwa nao. Njiani Ameline alimshika mkono. Nilikuwa nyuma yao, nilimwona akimshika mkono!

Nikaapa, nikasema niliyoyaona na kuyasikia. Hakimu, mzee mwenye mafua, akamuuliza Colart kama alitoa kitu kile kwa jina la ndoa.

"Hapana, baba," akasema Colart, mpole kabisa. "Sisi na wale wanawake wa mikoba huwa tunaazimana vielelezo. Hebu kitazame mwenyewe. Kina upanga na maiti mbili. Ni mchongaji gani Paris atampa mchumba wake maiti? Ingekuwa ya ndoa ningechonga wapenzi wameshikana mikono. Ulizia kwa fundi yeyote."

"Na mshipi aliokupa?"

"Mshipi gani?"

Hakimu akakigeuzageuza kile kifuniko, akakisogeza karibu na pua yake nyekundu. Nikaona ameuona upanga na ameiona shela, kama vile yule kijana mjinga alivyoiona. Akamwita shahidi wa pili.

Ameline akaapa. Akatazama sakafu.

"Nilikuwepo," akasema. "Sedile aliomba kielelezo chenye upanga. Tulimwambia mimi na Tifaine kuwa hicho si cha harusi. Akanakili picha yake kwenye mkoba. Ni kweli kabisa, mkoba upo."

"Na maneno ya ndoa?"

"Sikuyasikia, baba. Walicheka tu."

Mnaona ustadi wake? Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa moja, na hilo moja likayala mengine yote. Nikapiga kelele, "Mwongo! Ulilia wewe! Ulikunywa mvinyo!" Wakanitoa nje. Shahidi mmoja si shahidi, ndiyo sheria yao. Hakimu akasema hakuna ndoa, Colart yuko huru.

Sedile hakumtazama Colart hata mara moja. Alikuwa anamtazama Ameline, bila chuki, uso wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Tuliporudi nyumbani akamuuliza tu, "Kwa nini?"

"Nilisema nilichokisikia," akajibu Ameline, akahamisha godoro lake karibu na jiko.

Ndoa ya Colart na Bi Richeut ikafungwa. Sisi tukaendelea na kazi, maana Bi Odierne alisema mioyo haitarizi mikoba. Wakati ule sikuelewa Ameline alipata nini. Hakununua kitu kipya, hakuhama, hakupanda cheo. Nilijichosha kufikiri. Kumbe jibu lilikuwa kiunoni mwake, chini ya aproni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Asubuhi moja mimi na Sedile tulitumwa kupeleka mikoba kwa bibi mmoja mtaa wa juu, tukaambiwa kaenda shamba, tukarudi mapema. Bi Odierne alikuwa kanisani. Bi Richeut tulimpita sokoni anabishana na muuza vitunguu. Tukaingia bila kelele kwa sababu matope yalikuwa yamejaa viatuni na tulivivulia mlangoni.

Ameline alikuwa ametupa mgongo. Alikuwa amepiga magoti ukutani, anapenyeza kitu kwenye ufa, taratibu, kwa kidole. Kitu cha kijani. Ncha ya shaba ilikuwa imeshaingia, lakini simba alikuwa bado upande wetu. Simba mwenye sura ya mbwa.

Mimi niligeuka bubu, na mnaonijua mnajua hilo si jambo dogo. Mshipi ukavutwa kutoka upande wa pili, mara mbili. Halafu ikaja sauti yake, yenye kicheko ndani:

"Ameline? Ajuza katoka. Njoo kwa mlango wa nyuma."

Sedile akapita mbele yangu. Akaushika mshipi juu ya mkono wa Ameline, akauvuta wote ukatoka, na mtu wa upande wa pili akasema "Oya!"

Ameline akageuka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Alikupa lini?" akauliza Sedile.

"Mwache Sedile apumue..." nikaanza, mpumbavu mimi, sijui hata nilikuwa nasema na nani.

"Nimeuliza alikupa lini."

"Kabla ya kwenda kwa hakimu." Ameline akafuta pua. "Alisema yule mama ni mzee, hatakaa sana. Akifa, benchi litakuwa lake na mimi nitakuwa mke. Wewe angekuoa akiwa hana kitu, mngekula nini? Ukoko?"

"Ulikuwa ukilinda mlango."

"Ndiyo, nililinda! Mwaka mzima nalinda mlango wa raha za mtu mwingine!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Unajua kulala chini ya blanketi la mtu kila siku kukoje? Asante Sedile kwa supu. Asante Sedile kwa dhamana. Asante kwa mkate wa ndani. Nimekushukuru mpaka ulimi umeota sugu! Nilitaka kitu kimoja ambacho hukunipa wewe!"

"Basi ulikosea," akasema Sedile. "Na hicho nilikuwa nacho mimi kwanza."

Akakunja mshipi. Aliukunja sawasawa, kama tunavyokunja kazi ya mteja. Mimi nilikuwa nishapata ulimi.

"Twende!" nikamwambia. "Twende kwa hakimu sasa hivi! Alisema haujui mshipi huu. Sasa tunao, na simba wake, na mtaa mzima unamjua huyu simba! Kesi ya ndoa haifungwi milele, ushahidi ukija inafunguliwa. Utakuwa mke, Sedile! Kile ulichokitaka!"

"Nitakuwa mke," akasema.

Akafungua sanduku lake dogo. Akatoa kile kifuniko cha kioo. Akavua mkoba kiunoni, akachomoa ufunguo wa sanduku. Nikadhani anakusanya ushahidi. Tukatoka, mimi mbele, nimeshaanza kupanga nitakavyomwambia yule mzee wa mafua. Kona ya kwenda darajani nikageuka, yeye akanyoosha moja kwa moja.

"Ni huku!" nikamwita.

Hakujibu. Akazunguka kwenye mtaa wa nyuma, mpaka kwenye dirisha la karakana ya pembe, lile linalofunguka barabarani na kuwa meza ya kuuzia. Ilikuwa karibu na adhuhuri, watu wamejaa. Colart yuko benchini na tupa mkononi, anajifanya ana kazi nyingi. Bi Richeut ndiyo kwanza anafika na kapu la vitunguu.

Sedile akaunyoosha mshipi juu ya benchi, kati ya vumbi la pembe na vitana, mbele ya mikono ya Colart. Akaweka kifuniko cha kioo. Akaweka mkoba. Akaweka ufunguo. Akarudi nyuma hatua moja. Watu wakasogea karibu, maana hakuna mtu wa Paris asiyejua vitu hivyo huwekwa wapi.

"Mume wangu Colart amekufa," akasema Sedile kwa sauti ile ile ya kanisani. "Naweka mshipi wangu, mkoba wangu na ufunguo wangu juu ya kaburi lake. Sitaki mali yake, sitaki madeni yake. Ninyi wote mashahidi."

"Una wazimu?" akasema Colart, anacheka, ila meno yalikuwa hayamtii. "Jamani, mimi si huyu hapa? Niko hai!"

 Mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi mkabala akafanya ishara ya msalaba akasema, "Mungu amlaze pema. Alikuwa bado kijana." Mtaa ukapasuka kwa vicheko.

Bi Richeut hakucheka. Aliweka kapu chini, akauchukua mshipi, akamtazama yule simba mwenye sura ya mbwa. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mjinga. Mjane ndiye anayeweka mshipi kaburini, na mjane lazima awe alikuwa mke. Akamgeukia mumewe.

"Ulimwambia hakimu hukuujua," akasema.

"Mke wangu, sikiliza..."

"Pole, mama," Sedile akamwambia Bi Richeut, akaondoka. Wala si kwa haraka.

Kutoka siku ile Colart hakuitwa Colart tena. Aliitwa Marehemu. "Habari za asubuhi, Marehemu! Kaburini kuna baridi leo?" Wake za watu waliokuja kununua vitana vya harusi walipopata habari walikwenda kwa mchongaji mwingine, nani anataka kitana kilichotengenezwa na maiti? Bi Richeut hakumfukuza, ila funguo zote alizitia shingoni mwake, na ule ufa aliuziba mwenyewe, kwa chokaa, siku hiyo hiyo, tukimsikia upande wetu anapiga mwiko. Nami nilifurahi, na bado nafurahi, Mungu atanisamehe au hatanisamehe.

Mnangoja niwaambie Ameline alifukuzwa. Hakufukuzwa. Ilitosha Sedile aseme kwenye chama, "Namwondolea dhamana," na yule mwanamke angelala barabarani. Nilimwomba aseme. Nilimgombeza. Hakusema. Miaka yote walikaa benchi moja, Ameline akiomba mkasi Sedile anampa mkasi, akiomba uzi anampa uzi, na neno jingine halikupita kati yao. Ameline alianza kulia kazini, halafu akaacha kulia, akazeeka. Mwenye kovu usidhani kapoa, nilimwambia Bi Odierne, na Bi Odierne akasema tarizi.

Sedile akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyemlisha supu. Siku moja nikamuuliza kama amemsamehe Colart.

"Wafu hawasamehewi, Tifaine, wanaombewa," akasema, na akacheka kidogo, mkono mdomoni kama zamani. "Nilimzika mchana, watu wakaona. Nikarudi nikala. Yule aliisha."

"Na huyu mwingine? Kwa nini hukumtoa? Miaka yote hii umekaa naye ubavuni!"

Akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Upande wa pili wa chumba, Ameline alikuwa amekaa mlangoni, mahali pake pa siku zote, anatarizi na kujifanya hasikii.

"Mume akifa, unamwekea mshipi," akasema Sedile. "Shoga yako je, Tifaine? Unamwekea nini? Nimetafuta miaka yote, sikupata kitu cha kumwekea."